Kabla Hujaichoma, Iulize Diski Imezaliwa Wapi

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya studio, Jumanne iliyopita kijana ninayefanya naye kazi alirudi kutoka soko la Makoroboi hapa Mwanza amebeba kopo la DVD tupu 50 na furaha ya mtu aliyepunguziwa bei, na kabla sijarudi kutoka kwa mteja alikuwa amekwisha kuchoma nakala 31 za kwaya moja ya Sengerema. Nilipomuuliza diski hizo zimetengenezwa na nani, alinisomea jina lililochapwa kwenye kopo. Hilo ndilo jibu nililokuwa nikilitoa mimi mwaka 2007, kwa uhakika uleule, na vijana watatu waliomtangulia hapa ofisini nao walilitoa. Ninawapenda nyote, na kwa sababu hiyo leo nitasema bila kupunguza.

1. Jina la kwenye kopo ni la anayeuza. Chapa nyingi hazina kiwanda cha diski hata kimoja. Zinanunua diski kutoka kwa wazalishaji wakubwa, hasa wa Taiwan kama CMC Magnetics na Ritek, na zamani pia Moser Baer ya India, kisha zinachapa picha yao juu na kupeleka sokoni. Mzigo wa mwezi huu unaweza kutoka kwa mzalishaji mmoja na wa mwezi ujao kwa mwingine, ilhali kopo, picha na bei havijabadilika hata kidogo, kwa hiyo mtu anayesema kwamba chapa fulani haijawahi kumwangusha anazungumzia makopo aliyokwisha kuyamaliza. Hata majina yenye heshima hubadili wenyewe. Verbatim ilikuwa mali ya Mitsubishi Chemical ya Japani, na mwaka 2019 ilitangazwa kwamba inanunuliwa na CMC Magnetics. Taiyo Yuden, Wajapani waliobuni CD ya kuchomwa pamoja na Sony na Philips katika miaka ya 1980, na ambao mafundi wengi bado wanawataja kwa unyenyekevu, walijiondoa katika biashara ya diski mwaka 2015. Mtu akikuuzia leo diski "mpya" ya Taiyo Yuden, muulize ameihifadhi wapi kwa miaka yote hiyo.

2. Iulize diski yenyewe. Weka diski tupu kwenye draivu, fungua ImgBurn, programu ya kuchomea diski, na usome msimbo uliochapwa ndani yake tangu kiwandani. MCC 03RG20 ni msimbo wa Mitsubishi kwa DVD-R za kasi ya 16x, TYG03 ni wa Taiyo Yuden, na wa CMC huanza kwa jina lake lenyewe, CMC MAG. Kwa CD msimbo huja kama muda: 97:24:01 ni Taiyo Yuden, 97:26:66 ni CMC. Kazi hii haichukui hata dakika moja, na sijaelewa kwa nini lazima niirudie kila wiki.

Hata hivyo msimbo nao una mipaka yake, na ni vizuri muijue mapema. Unakuambia ni nani aliyetengeneza muhuri uliotumika kukandamiza mtaro wa diski, na si lazima awe ndiye mwenye kiwanda ambamo diski ilimwagiwa rangi, yaani tabaka ambalo leza huandika juu yake, na kuunganishwa. Diski zenye msimbo wa MCC zimetoka Taiwan na zimetoka India pia. Vilevile wako waliothubutu kuiga misimbo ya Taiyo Yuden kwenye diski ambazo kampuni hiyo haikuzijua. Soma msimbo, kisha soma nchi iliyoandikwa kwenye kopo, kisha angalia namba zilizogongwa kwenye pete ya katikati ya diski. Vitu hivyo vitatu vikipingana, rudisha kopo dukani.

3. Usifute kaseti. Jambo hili ningeweza kulimaliza kwa sentensi hiyo moja, lakini nimeona sentensi moja haiwatoshi.

Mwaka 2007 nilirekodi harusi huko Nansio, Ukerewe. Siku hizo tulitumia kaseti za MiniDV za dakika 60, na kwa kuwa kila kaseti ilikuwa gharama, tulizitumia tena na tena: ukishamaliza kuhariri na kuchoma DVD, unairudisha kaseti mwanzo na kwenda nayo kwenye harusi inayofuata. Nilimchomea bibi harusi diski mbili, nami nikabaki na moja ya kumbukumbu. Zote tatu zilitoka kwenye kopo moja jipya la chapa niliyokuwa nimeitumia kwa mwaka mzima bila malalamiko, na kwa sababu hiyo sikuangalia msimbo. Nilizicheza kwenye deki dakika tano za mwanzo, nikaona maharusi wanashuka kwenye gari, nikaridhika. Wiki ileile nikarekodi kipaimara juu ya kaseti zile.

Mwaka 2010 yule dada alivuka kwa meli akaja studio asubuhi na mapema. Baba yake alikuwa amefariki. Katika harusi ile mzee alikuwa amesimama mwishoni kabisa, watu wamekwisha kula, akatoa nasaha kwa Kikerewe kwa muda wa dakika 11, akimtaja mwanawe kwa jina la utotoni, na familia ilitaka maneno hayo yasikilizwe siku ya matanga. Diski zake mbili zilikuwa zikicheza vizuri hadi kwenye keki, kisha picha ikawa inagandaganda na deki inazima. Nilimwambia asiwe na wasiwasi kwa kuwa nakala yangu ilikuwa kabatini haijaguswa. Nikaiweka, nayo ikaganda palepale.

Sababu niliijua siku hiyo, ilhali nilipaswa kuijua miaka mitatu nyuma. DVD huandikwa kuanzia ndani kuelekea nje. Draivu ya 16x huanza karibu na 6x upande wa ndani na kuifikia 16x karibu na ukingo, na ukingoni huko ndiko rangi ya diski mbaya huwa haikusambaa sawasawa, na ndiko gundi inayounganisha nusu zake mbili, kila moja ya milimita 0.6, huanza kuachia na kuruhusu unyevu. Kinachorekodiwa mwisho hukaa mahali dhaifu kuliko pote. Katika harusi zetu kinachokuja mwisho ni wazazi. Nilipochukua diski tupu iliyokuwa imesalia katika kopo lile na kusoma msimbo, nikakuta mzalishaji tofauti kabisa na yule wa makopo ya mwanzo ya chapa hiyohiyo.

Nilijaribu draivu nne kwa siku mbili, nikaiacha ddrescue, programu ya kuokoa data kwenye diski mbovu, isome usiku kucha huku nikiomba umeme usikatike. Kati ya dakika 11 nilipata sekunde 40, nazo zina mikwaruzo. Yule dada alizisikiliza mara mbili, kisha akaniuliza kwa upole: "Kaka, na kaseti je? Kaseti yenyewe haipo?" Ilinibidi nimweleze kwamba kaseti ilikuwapo, ila juu yake sasa kulikuwa na kipaimara cha watoto wa watu wengine. Hakunilaumu, alinishukuru kwa sekunde 40, akavaa viatu vyake mlangoni akaenda kuwahi meli. Nilimrudishia fedha zake zote na hazikuwa na maana yoyote kwake wala kwangu. Hadi leo mtu akisema "Nansio" mbele yangu, ninamwona amesimama pale mlangoni.

4. Macho yana kazi, ila kwa kiasi. Upande wa CD, rangi ya kuandikia ni za aina tatu: azo huonekana bluu iliyokolea, sayanini huelekea kijani, na fthalosayanini karibu haina rangi, nayo ndiyo huvumilia mwanga kuliko sayanini. DVD-R karibu zote ni zambarau, kwa hiyo msinunue kwa kuangalia rangi. Inamisheni diski dirishani mtazame ukingo: rangi iliyofika nje bila kuyumba ni dalili njema, na mawimbi au pengo lisilo sawa ni dalili ya kuiacha.

5. Chomeni diski ya 16x kwa 8x. Kushuka hadi kasi ya chini kabisa hakuiboreshi, kwa kuwa rangi yake iliundwa kwa ajili ya kasi kubwa.

6. Hakikini hadi mwisho. Acheni ImgBurn isome diski yote baada ya kuchoma, na kwa kila kopo jipya pimeni diski moja kwa draivu inayokubali kutoa hesabu za makosa: PI, yaani makosa ambayo draivu hukutana nayo ikisoma, isivuke 280, na PIF, yaani yale yaliyoshindikana kusahihishwa katika hatua ya kwanza, isivuke 4. Lakini angalieni mchoro wote kabla ya kuangalia namba ya jumla. Mstari unaokwenda shwari hadi GB 3.5 kisha ukapanda kama mlima unawaambia habari ileile niliyoambiwa mimi na Nansio. Rudieni kipimo baada ya miezi sita kwa diski iliyokaa kabatini, maana joto na unyevu wa ziwa hili havipumziki.

7. Msinunue kopo lililokaa juani kwenye meza ya barabarani, hata kama halijafunguliwa. Msibandike stika, kwa sababu huyumbisha diski inapozunguka kwa kasi. Msiandike CD kwa kalamu ya ncha ngumu: upande wenye maandishi ndio ulio karibu na taarifa, chini ya varnishi nyembamba tu.

Tulipopima diski ya kopo la Jumanne, PIF ilianza kupanda kwenye GB 3.9. Kanda ya kwaya ile ina nyimbo tisa, na wa tisa ni ule walioutunga kwa ajili ya mwalimu wao wa zamani. Kijana amekwisha kuchoma nakala nyingine 31 kwenye diski nilizozisoma msimbo pamoja naye, mafaili asilia yako kwenye diski kuu mbili katika nyumba mbili tofauti, na kesho atapanda kivuko cha Kamanga asubuhi kwenda Sengerema kubadilisha nakala za mwanzo, ambazo zimekwisha kuwafikia wenyewe, mkono kwa mkono. Orodha ya majina ameiandika mwenyewe. Asirudi hadi zile mbovu zote 31 ziwe kwenye begi lake.