Mkono baada ya saratani ya titi: maswali yenu na majibu

Nimepasuliwa titi. Nifanye mazoezi gani? (Wasomaji kadhaa)

Swali likiletwa hivi halijibiki, na kila mara linaletwa hivi. Umetolewa titi zima au uvimbe peke yake? Tezi za kwapani zimetolewa? Hii ni wiki ya ngapi? Mpira wa kutolea majimaji bado umo? Mionzi umepata au bado? Mwenye mpira siku ya 4 na aliye mwezi wa 4 hawafanyi zoezi moja. Kabla hujatoka wodini uliza hayo matano, uyaandike, uondoke nayo.

Dada yangu ametolewa titi pamoja na tezi siku 12 zilizopita, mpira umetolewa juzi. Mama kamfunga mkono kwa leso asiutikise, na sasa hata buibui hawezi kuvaa mwenyewe. Tufanyeje? (Kisauni)

Mfungueni leo. Mama amefanya kwa huruma, lakini mkono unaolelewa kama mtoto mchanga huganda. Kovu likipona hujikunja, likavuta ngozi ya kifua na misuli iliyo chini yake. Bega lisipotembezwa wiki hizi, kulifungua baadaye ni kazi ya miezi, tena ya machozi. Kwa siku za mwanzo, mpira ukiwa bado umo, mkono hauinuliwi kupita usawa wa bega, lakini kiwiko, kiganja na vidole vinatakiwa kufanya kazi tangu kesho yake ya upasuaji. Sasa mpira umetoka. Mthibitishieni kwa daktari aliyempasua kwamba kidonda kimeshika, kisha aanze.

Kwanza alale chali, mkono auweke juu ya mito hadi upite usawa wa moyo. Akae hivyo dakika 45, mara 2 au 3 kwa siku, na katika muda huo afumbe na kufumbua ngumi mara 15 hadi 25. Misuli ikikaza na kulegea ndiyo inayosukuma majimaji yarudi mwilini.

Halafu mpini wa fagio. Bado amelala chali, magoti ameyakunja. Ashike mpini kwa mikono miwili, viganja vikitazama juu, auinue taratibu kuelekea nyuma ya kichwa mpaka ahisi kuvutika. Mkono wa upande usiopasuliwa ndio ubebe uzito. Atulie sekunde 5, ashushe. Mara 5 hadi 7 zatosha.

Mwisho ukuta. Asimame akiutazama, vidole vya miguu viwe kama sentimita 20 kutoka ukutani, na vidole vya mkono vitambae kwenda juu kama kaa anayepanda jabali. Vikigota, atie alama ya penseli; kesho aitafute alama hiyo. Kushuka pia ni kwa kutambaa, mkono usiachiliwe ukaanguka. Kosa la wengi liko hapa: bega hupanda mpaka sikioni, au kiuno hujipinda, alama ikaenda juu na bega lenyewe halijafunguka hata kidogo. Wewe dada mtu simama nyuma yake, weka kiganja juu ya bega lile, ukilihisi linapanda mwambie ashuke kidogo.

Kuvutika ni sawa. Maumivu makali ya kuchoma, kidonda kuvuja, au uvimbe laini kama mfuko wa maji chini ya kovu: asimamishe, arudi kliniki. Ganzi ya upande wa ndani wa mkono wa juu isiwatishe, maana neva inayopita kwapani mara nyingi huguswa tezi zikitolewa. Ila ngozi yenye ganzi haijui moto. Maji ya kuoga ayapime kwa mkono ule mwingine.

Kwapani kuna kitu kimekaza kama mshipi wa kuvulia, kinashuka hadi kiwikoni. Ni damu imeganda? (Likoni)

Mara nyingi siyo. Baada ya tezi kutolewa, vijishipa vya limfu (majimaji ya mwilini yanayopitia kwenye tezi) hukakamaa vikawa kamba, na hilo hujitokeza zaidi katika wiki za mwanzo. Endelea na ukuta, na ongeza hili: nyoosha mkono ubavuni, kiganja kitazame mbele, uupeleke nje polepole mpaka kamba ivutike, pumua pumzi 5 ndefu, urudishe. Mtaalamu wa fiziotherapia aione. Usimpe mkandaji aikate kwa kidole gumba. Na mkono wote ukivimba ghafla na kubadilika rangi, hapo nenda hospitali siku hiyohiyo.

Naweza kukuna nazi? (Majengo)

Mpaka daktari wako akuruhusu, na mara nyingi huwa wiki 4 hadi 6, hapana. Mbuzi inataka ushikilie kifuu kwa nguvu na kusukuma mamia ya mara. Ukiruhusiwa anza na kifuu kimoja, upumzike, utazame mkono umeamkaje kesho yake.

Lakini lile la kwamba usibebe kitu maisha yako yote, liacheni. Mwaka 2009 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Marekani uliofuata wanawake 141 waliokuwa tayari na mkono uliovimba baada ya saratani ya titi. Waliopewa mazoezi ya kunyanyua vyuma mara 2 kwa wiki, kwa uangalizi na kwa kuongeza kidogokidogo, hawakuvimba zaidi kuliko wenzao, na walipata nguvu. Kidogokidogo ndilo neno. Chupa ya maji ya nusu lita ni nusu kilo, anzia hapo. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Waachie vijana wa nyumbani.

Nikipigwa chuku, uvimbe wa mkono utatoka na damu chafu? (Mji wa Kale)

Hapana. Uvimbe ule ni limfu iliyokosa njia, na kila chale ni mlango wa vijidudu kwenye mkono uliopungukiwa na walinzi wake, yaani zile tezi. Na kwa sababu hiyohiyo, wakati wa harusi, piko nyeusi iliyochanganywa na rangi ya nywele isiguse mkono huo, inaunguza ngozi.

Bangili zikianza kubana, chukua futi ya fundi cherehani, pima mikono yote miwili sentimita 10 juu ya kiwiko na 10 chini yake. Tofauti ya sentimita 2 au zaidi, nenda ukaonwe. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na una homa, ni siku hiyohiyo.

Baba yangu amepasuliwa titi. Mazoezi ni tofauti? (Changamwe)

Ni yaleyale.

Mionzi iliisha miezi 4 iliyopita. Bega lilikuwa limefunguka, sasa linakaza tena. (Bamburi)

Uliacha mazoezi, sivyo? Mionzi huendelea kukakamaza nyama za kifua muda mrefu baada ya kumalizika, miezi hata miaka. Rudi ukutani kila siku, na usiache eti kwa sababu mkono umepona.

Kemo (dawa za kuua saratani) imenimaliza nguvu. Nitembee lini? (Tudor)

Dakika 10 kwa kuanzia, baada ya alfajiri, hasa kaskazi ikivuma na joto kuzidi. Pale bustani ya Mama Ngina, Mombasa, upepo wa bahari hukutana nawe na njia haina mashimo. Ongeza mpaka zifike dakika 30, siku 3 kwa wiki. Nyayo zikiwa na ganzi, vaa viatu vilivyofungwa hata ufukweni. Ukiwa na homa ya 38 usitembee, nenda hospitali.

Sujudi yanishinda. (Kibokoni)

Kusujudu kunaweka uzito kifuani na mkononi kwa pamoja. Swali kwenye kiti kwa sasa, mgonjwa ameruhusiwa. Takbira usiiache: inua mikono yote miwili hadi ufikapo, mara zote tano za siku, na mabega yabaki chini.