Seva ya nyumba ikigoma kufunguka, usikimbilie kufuta

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Habari za kazi kaka. Nimesakinisha Home Assistant kwenye Raspberry Pi 4, taa zinawaka, kebo nimechomeka vizuri, lakini nikifungua kwenye kivinjari hakuna kitu. Nimefuta kadi nikaanza upya, wapi. Nimefuta tena, wapi. Nifanyeje?"

Kwa mgeni wa mambo haya: Home Assistant ni programu ya kusimamia taa na vifaa vya nyumbani, Raspberry Pi ni kompyuta ndogo inayoiendesha kama seva, na kadi ni ile ya kumbukumbu inayobeba mfumo wake. Nilimwomba anitumie picha ya skrini nzima, si maelezo. Ilipofika, kila kitu kilikuwa mle ndani. Juu, kwenye sehemu ya anwani, alikuwa ameandika http://192.168.1.37. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za kijivu ambazo watu hawazisomi, kivinjari kilikuwa kinasema muunganisho umekataliwa. Seva yake ilikuwa nzima muda wote huo. Ukiandika anwani tupu namna ile, kivinjari kinakwenda kwenye poti ya 80 (poti ni kama mlango wenye namba ambapo programu inasubiri ujumbe), na Home Assistant haipo huko. Yenyewe inasikiliza kwenye poti ya 8123, na namba hiyo unaiandika mwenyewe mwishoni, baada ya nukta mbili: http://192.168.1.37:8123. Aliongeza tarakimu hizo nne, ukurasa wa kukaribisha ukafunguka, akanitumia neno moja, "Imekubali!"

Nilifurahi, na palepale nikaumia. Mtu amepoteza usiku wake akifuta na kuandika kadi upya, kwa sababu kila alikouliza aliambiwa hivyohivyo: futa, sakinisha upya. Ushauri huo mimi pia niliwahi kupewa, na bado haujanitoka moyoni.

Nilipoanza, nilikuwa na hamu ileile uliyonayo wewe unayesoma hapa. Nilitaka taa, vihisi vya milango na pampu ya maji visimamiwe na mashine iliyo ndani ya nyumba yangu, si seva ya kampuni fulani ng'ambo ambayo siku ikifungwa, swichi zako zinabaki mapambo. Hicho ndicho kilichonivuta kwa Home Assistant. Ni programu huria iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, na tangu 2024 iko chini ya Open Home Foundation. Intaneti ikikatika, vifaa vinavyoongea moja kwa moja ndani ya mtandao wa nyumbani vinaendelea na kazi. Kwa nini watu wanang'ang'ania njia nyingine, mimi sijui.

Nikaandika kadi, nikachomeka kebo kwenye ruta, nikawasha, nikasubiri. Kivinjari kwenye kompyuta yangu kikazunguka, kikazunguka, kikasema muda umekwisha. Jina la homeassistant.local, ambalo seva hujitangaza nalo ili usiandike namba, ndiyo kabisa, halikujulikana. Kilichonichanganya zaidi ni simu. Nikiwa chumba cha ndani, simu ilifungua ukurasa vizuri tu. Nikitoka nayo sebuleni, haifungui. Nikirudi ndani, inafungua.

Nilimpigia fundi aliyetufungia mtandao, mtu niliyemheshimu. Hakuuliza hata swali moja. Alisema kadi ni mbovu, ninunue nyingine. Nikanunua. Hali ikawa ileile. Nilipompigia tena alicheka, akasema, "Bwana, vitu hivi vina wenyewe." Akakata simu.

Basi nikachomeka skrini kwenye seva kwa kebo ya HDMI. Wengi hawajui kwamba seva hii ina skrini yake ya maandishi meupe juu ya weusi, na pale inaandika anwani yake yenyewe. Yangu iliandika 192.168.1.24. Nikaenda kwenye mipangilio ya mtandao ya kompyuta yangu, nikasoma anwani yake: 192.168.0.15. Zitazame vizuri hizo mbili, hasa namba ya tatu. Moja ina 1, nyingine ina 0. Seva na kompyuta zilikuwa kwenye mitandao miwili tofauti ndani ya nyumba moja.

Yule fundi alikuwa ameweka ruta ya pili nyuma ya kifaa cha kampuni ya intaneti ili Wi-Fi ifike vyumba vya ndani, na akaiacha ifanye kazi kama ruta kamili, inayogawa anwani zake yenyewe. Kisha zote mbili akazipa jina moja la Wi-Fi. Sebuleni nilikuwa kwenye ile ya nje, ndani nilikuwa kwenye ile ya pili, na macho yangu yanaona jina lilelile. Kilicho kwenye ruta ya ndani kinaweza kutoka kwenda nje, ndiyo maana seva ilipakua kila kitu bila shida. Lakini aliye nje haoni kilicho ndani. Na majina yanayoishia na .local hayavuki ruta, yanatangazwa ndani ya mtandao mmoja tu.

Nilifungua mipangilio ya ruta ya pili nikaiweka iwe kituo cha Wi-Fi tu (Access Point), bila kugawa anwani. Kama ruta yako haina chaguo hilo, zima huduma yake ya DHCP, ile inayogawa anwani, ipe anwani yake isiyogongana na ya ruta kuu, halafu hamisha kebo kutoka tundu la WAN (la kuingizia intaneti) uiweke kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani). Nikazima seva, nikaiwasha. Ukurasa ukafunguka sebuleni, ukafunguka ndani, ukafunguka kila mahali. Kadi ile "mbovu" bado ninayo na inafanya kazi hadi leo kwenye mashine nyingine. Sikumpigia fundi kumweleza. Sikuona sababu.

Ndiyo maana nasisitiza, na nitaendelea kusisitiza: soma kile ambacho kivinjari kinasema. Watu wanaona ukurasa mweupe wenye alama ya huzuni wanasema "haifunguki", kana kwamba kutofunguka kote ni kumoja. Ni kama kubisha hodi. Kuna kubisha kimya kikatawala, na kuna kubisha mtu akajibu kutoka ndani kwamba hapa sipo unapopataka. Muda ukiisha bila jibu, ujumbe wako haukufika au jibu halikurudi: anwani si sahihi, mko mitandao tofauti, umejiunga na Wi-Fi ya wageni inayotenganisha vifaa, au VPN kwenye kompyuta yako (programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva ya mbali) inaupeleka ujumbe kwingine. Muunganisho ukikataliwa, mashine ipo hai na imekujibu, ila kwenye poti uliyobisha hakuna programu inayosikiliza. Hapo angalia kama umeandika 8123, halafu angalia kama programu yenyewe imeshaamka. Na kivinjari kikisema hakilijui jina, achana na jina. Tumia namba. Simu nyingi za Android za zamani hazielewi majina ya .local, na hilo si kosa la seva yako.

Kuna vivinjari vinavyojiongezea https mbele ya anwani bila kukuuliza. Usakinishaji mpya hauna cheti cha usalama ambacho https inakidai, unatumia http. Andika http:// kwa mkono wako, herufi zote.

Namba ya seva unaipata wapi kama huna skrini ya kuchomeka? Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Seva haimo, hata kwenye ruta ya pili kama unayo? Basi usihangaike na kivinjari kabisa, shida iko kwenye kebo, umeme au kadi. Imo? Jaribu poti ya 4357 kwenye anwani hiyohiyo. Hapo kuna ukurasa mdogo wa mwangalizi unaoonyesha kama msimamizi wa mfumo ameunganishwa na yuko salama. Ukurasa huo unafunguka hata pale 8123 inapogoma, na ukiuona ujue mfumo umeshawaka na mtandao upo. Nashangaa jinsi watu wachache wanavyoutaja.

Sasa wale ambao ukurasa unafunguka lakini unakwama kwenye maneno kwamba Home Assistant inaandaliwa. Subirini. Mara ya kwanza inapakua toleo jipya kutoka kwenye intaneti, na maelekezo rasmi yanasema inaweza kuchukua dakika 20 au zaidi, kutegemea kasi ya mtandao na mashine. Anayechomoa umeme dakika ya tano kwa sababu hana subira anaweza kuiharibu kadi iliyokuwa salama, halafu anasema programu ni mbovu. Ikiwa saa nzima imepita, chomeka skrini na kibodi, andika ha supervisor logs, usome mistari ya mwisho. Mara nyingi utakuta imeshindwa kufika kwenye intaneti au imeshindwa kutafuta jina la seva ya kupakulia. Amri ya ha network info inaonyesha kama ina anwani ya IPv4 (zile namba nne zenye nukta) na inatumia DNS ipi, yaani huduma ya kugeuza majina kuwa anwani.

Umeme nao usiuchukulie poa. Raspberry Pi 4 inataka adapta ya volti 5.1 na ampea 3, na Pi 5 ina adapta yake ya wati 27. Chaja ya simu iliyolala droo inawasha taa, lakini kazi ikizidi mashine inajizima na kuwaka upya, na wewe unaona seva inayokuja na kutoweka. Hakikisha pia umepakua faili la mashine yako hasa, kwa sababu la Pi 4 na la Pi 5 ni mafaili mawili tofauti.

Walioweka kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine kwa programu kama VirtualBox, wana mambo yao mawili. Kwanza, mfumo huu unawaka kwa UEFI, njia mpya ya kuwasha kompyuta iliyochukua nafasi ya BIOS. Ukiacha mipangilio ya zamani ya BIOS, hauwaki. Pili, mtandao wa mashine pepe uwe wa daraja, ili seva ipate anwani kutoka kwenye ruta yako kama kifaa kingine chochote. Ukiona VirtualBox imeipa 10.0.2.15, tayari umeshajua: imejificha nyuma ya kompyuta yako na hakuna kifaa kingine nyumbani kitakachoiona. Kwa wa Docker kwenye Linux, yaani wanaoendesha programu ndani ya kifurushi kinachoitwa kontena, kontena lipewe mtandao wa mashine mwenyeji, kwa maana ya network_mode: host. Usipofanya hivyo na hukufungua poti ya 8123, mashine itakukatalia hata kama kontena linafanya kazi vizuri.

Mniwie radhi nikisema kwa ukali kidogo: acheni kuwaamini watu wanaojibu kabla hawajauliza. Anayejua kazi hii ataanza na "inakuandikia nini?" na "anwani yako ni ipi?" Anayekwambia futa uanze upya hajakusikiliza, na akishakufanya ufute, ule ushahidi wa tatizo umeondoka nao. Ukisakinisha upya ikakubali hujui kwa nini imekubali, na ikigoma tena unarudi kwake mikono mitupu. Wala usikubali mtu akwambie vitu hivi vina wenyewe. Wenyewe ni nani? Mimi sikusomea mitandao. Nilisoma namba mbili kwenye skrini mbili, nikaona zinatofautiana.

Ikishafunguka, tengeneza akaunti yako, kisha kabla hujaongeza hata balbu moja rudi kwenye ruta uitengee seva anwani yake ya kudumu. Ruta inaweza kubadilisha anwani siku yoyote ikiwashwa upya, na asubuhi hiyo utaamini seva imekufa. Baada ya hapo weka nakala rudufu, ihamishie nje ya kadi ile, na ufunguo wake wa usimbaji uuhifadhi mahali pengine tofauti na seva yenyewe, maana bila ufunguo nakala hiyo haitafunguka.