Ufahamu wa kiingereza kwa makundi: kesi ya begi na neno "hardly"

Mleta uzi anasema ana kidato cha pili, watoto sabini na kitu, akiwapa kifungu cha kiingereza wakisome kwenye makundi basi mmoja ndo anajibu maswali yote na waliobaki wanaongelea Simba na Yanga, sasa anauliza aache makundi au kuna namna. Naona wachangiaji wa juu karibu wote wamemwambia aache, arudi kusoma mwenyewe mbele watoto wanafuatisha. Mi nasema usiache mwalimu mwenzangu, ila hicho unachofanya sio makundi bado, hao ni watoto waliokaa karibu karibu. Usinune, hata mimi nilikuwa hivo hivo miaka kama mitatu, makundi ya watu wanane, kifungu kimoja, maswali matano, na kila kundi lina kipanga wake anaandika huku wenzake wanamshikia rula.

Nipo Kayumba moja, yaani shule ya serikali, huku Dar upande wa Gongo la Mboto, mwaka wa kumi na moja huu nafundisha kiingereza. Kwenye daftari la mahudhurio nina 71, siku za kawaida wanakuja 64, 65 hivi.

Kabla ya makundi tuangalie maswali yenyewe kwanza, manake hapo ndo ugonjwa ulipo. Siku moja ofisini niliandika kwenye karatasi sentensi ya kubumba tu, "The grompy fizzle dorked in the bamp", nikampa mwalimu wa fizikia, nikamuuliza, where did the fizzle dork? Akajibu hapo hapo, in the bamp. What kind of fizzle was it? Grompy. Nikamwambia hongera umepata mia kwa mia, sasa niambie huyo fizzle ni mdudu au ni mtu. Akacheka mpaka chai ikamwagika. Sasa ndo watoto wetu wanavyoishi hivyo kila siku, wamesoma kwa Kiswahili darasa la kwanza mpaka la saba, Januari wanaingia fomu wani baiolojia kiingereza, jiografia kiingereza, historia kiingereza, hawana pa kukimbilia, kwa hiyo wamejifunza kuwinda. Anachukua neno la kwenye swali, analitafuta kwenye kifungu, anadesa mstari mzima, anapata vema. Hajaelewa hata nukta. Ukimpa maswali ya namna hiyo kwenye kundi, kundi linahitaji mwindaji mmoja tu, wengine wafanye nini? Wataongelea mpira, hata mimi ningeongelea mpira.

Kwa hiyo kitu kilichonibadilishia darasa ni kimoja, kila mtoto awe na kitu ambacho mwenzake hana, na swali liwe halijibiki mpaka vikutane. Sio uvumbuzi wangu, kuna mwanasaikolojia Mmarekani anaitwa Elliot Aronson alianza hii mwaka 1971 kule Austin, Texas, shule zilikuwa ndo zimetoka kuchanganywa wazungu na weusi na Wameksiko, watoto wanachukiana darasani, akaona badala ya kuwahubiria wapendane ni bora awagawie somo vipande vipande, kila mmoja akawa anamhitaji yule asiyempenda. Wenyewe wanaita jigsaw, ule mchezo wa picha iliyokatwa vipande. Sisi shida yetu sio ubaguzi, shida yetu ni uzembe na aibu ya kiingereza, ila dawa inafanya kazi ile ile.

Sasa namna ya kuifanya na watoto 64 bila kuhamisha darasa zima. Makundi ni ya wanne, sio wanane. Watoto wawili wa dawati la mbele wanageuka nyuma, basi umepata meza, hakuna kuburuta dawati wala nini. Meza nne zilizokaribiana naziita mtaa, nina mtaa wa Buguruni, Tandale, Mbagala na Kariakoo, majina walichagua wenyewe na walibishana kweli kuhusu Kariakoo. Kila mtaa meza ya kwanza wanapata aya A, ya pili B, ya tatu C, ya nne D. Wanasoma aya yao wanne kwa pamoja dakika ishirini, wanaulizana maneno. Halafu wanajihesabu moja mpaka nne, namba moja wote wa mtaa wanahamia meza ya kwanza, namba mbili meza ya pili, hivo hivo. Hapo kila meza ina mtu mmoja wa A, mmoja wa B, mmoja wa C, mmoja wa D. Akizidi mtoto mmoja anaungana na mwenzie wa aya ile ile wanakuwa pacha. Mara ya kwanza itakuwa vurugu, ya pili vurugu nusu, ya tatu wanahama wenyewe unashangaa.

Kuna sharti moja usiliache, karatasi nazikusanya kabla hawajahama. Ukiwaachia karatasi watasomeana tu kama kasuku na huyu hamsikilizi yule. Nawaruhusu kunakili sentensi moja tu kwenye daftari, ile wanayoona ina maana kuliko zote. Kuchagua hiyo sentensi peke yake tayari ni mtihani wa ufahamu.

Gharama ni ndogo. Aya nne unazichapa ukurasa mmoja wa A4, unatoa kopi 16, kwa mia mia ni 1,600, unakata kila karatasi vipande vinne una vipande 64. Mi nagandisha kwenye maboksi ya biskuti naomba duka la jirani, nina vya mwaka wa tatu huu.

Vifungu vyenyewe ninavitunga mwenyewe, na chenye mafanikio kuliko vyote ni cha begi la mama lililopotea kwenye daladala. Aya A ni konda anaeleza, kwamba pale Banana alipanda mzee, yeye konda akamshika mkono kumpandisha. Aya B ni mama mwenye begi, aliliweka chini ya siti ya nyuma, zito, pembeni yake kakaa huyo mzee, akasinzia, kuamka Tazara begi hakuna na mzee hakuna. Aya C ni mwanafunzi, alimwona mzee anashuka Airport na kikapu chake, "he could hardly lift his own basket". Aya D ni dereva, kwenye kioo aliona kijana aliyepanda mikono mitupu anashuka na kitu begani kabla ya Tazara. Swali ni moja tu ubaoni, nani kachukua begi na mnajuaje. Halidesiki hilo, kwa sababu hakuna aya hata moja imeandika jina la mwizi.

Mwaka jana meza moja ya dirishani nilisimama nyuma yao nasikiliza. Kijana mwenye aya C kashahukumu, mwizi mzee. Kwa nini? Akafungua daftari, sentensi aliyonakili ndo ile ya hardly. Anawaeleza wenzake kwa kujiamini kabisa, "hard ni nguvu, hardly ni kwa nguvu, yaani huyu mzee aliliinua kwa nguvu, mzee ana misuli huyu." Wenzake wawili wanatikisa kichwa, ndio ndio. Mi ulimi unaniwasha nataka kuingilia, nikajizuia. Binti mwenye aya A, mtoto ambaye tangu Januari sijawahi kumsikia akijibu swali, akasema taratibu, "sasa mbona konda kasema alimshika mkono kumpandisha? Mtu mwenye misuli anashikwa mkono?" Kimya. Kijana akasoma tena sentensi yake. Akasema labda konda mwongo. Binti akamwambia konda adanganye ili iweje, begi sio lake.

Wakaomba kamusi, tunayo moja ya darasa haina jalada na inaanzia herufi C, bahati H ipo. Wakakuta maana yake ni karibu isiwezekane. Kijana akakaa, halafu akasema, "kumbe sio kwa nguvu, ni kwa shida." Hapo ningetaka mthibiti ubora awe amekaa kwenye lile dawati asikie, manake ningeweza kuandika hardly ubaoni mara mia na maana yake pembeni na kesho wangekuwa wamesahau. Wiki mbili baadaye yule kijana kaja kuchelewa nikamuuliza kulikoni, akaniambia "Teacher, I hardly sleep yesterday, mosquito." Sarufi imevunjika mguu lakini hardly imekaa mahali pake, nikamwambia ingia.

Umeona pia waliongea Kiswahili. Hili najua kuna watakaonirushia mawe, shule nyingine wameandika mpaka kwenye mlango wa ofisi No English No Service, sawa, lakini ukimkataza mtoto kufikiri kwa lugha anayoijua hatafikiri kwa kiingereza, atanyamaza. Sheria yangu ni kwamba mjadala lugha yoyote hata Kizaramo, ila sentensi mnazotoa kama ushahidi ni za kiingereza na hukumu inaandikwa kwa kiingereza. Na hukumu anaandika kila mtu peke yake, dakika ishirini za mwisho za dabo piriodi, sentensi nne tu. Hii usiiruke hata kidogo, ndo sehemu pekee utakayojua nani alielewa na nani alikuwa anatikisa kichwa.

Kelele zitakuwepo. Shule niliyokuwa zamani mkuu aliingia katikati ya kesi ya begi akauliza mbele ya watoto kama hili ni darasa au soko la Ilala, nikaaibika, mwezi mzima nikarudi kufundisha kwa kusoma mbele. Siku hizi namwambia mwalimu wa taaluma mapema kwamba leo kuna kelele, na nafunga mlango.

Ugumu wa kifungu nao uangalie. Paul Nation, yule mtaalamu wa msamiati wa New Zealand, na mwenzake Hu walionyesha mwaka 2000 kwamba msomaji akisoma hadithi bila msaada anahitaji kujua kama asilimia 98 ya maneno, yaani kwenye maneno mia asiyoyajua yawe mawili. Mi niliwaambia wangu wapigie mstari maneno wasiyoyajua kwenye kifungu kimoja cha kiada cha maneno 180, mtoto wa uwezo wa katikati darasani alipigia mstari maneno 31. Hapo hata uwe na makundi ya dhahabu hakuna kitu, wanne wasiojua wakikutana wanakuwa wanne wasiojua.

Ile njia nyingine aliyoitaja mdau hapo juu ya kupeana vyeo, mmoja anatabiri, mmoja anauliza, mmoja anafafanua, mmoja anafupisha, imetokana na kazi ya watafiti Palincsar na Brown ya 1984, nzuri, ila usianze nayo. Walichofanya wao ni mwalimu kuonyesha mwenyewe kwanza kisha kuachia kidogo kidogo, sisi tunagawa vyeo siku ya kwanza na mtabiri anatabiri kwamba kipindi kitaisha. Mi naingiza muhula wa pili, kazi ya kufupisha wanapokezana maana ndo ngumu kuliko zote na ndo itakayowatoa jasho kwenye swali la muhtasari huko mbele.

Kuna ambao makundi hayajawasaidia, niseme ukweli. Nina watoto wanne hawawezi kusoma kabisa, hata Kiswahili wanakisia, hao nikiwaweka kwenye meza wanasikiliza vizuri na wanabishana vizuri lakini kusoma hawasomi, nabaki nao baada ya vipindi siku mbili kwa wiki na vitabu vya darasa la pili. Na wale waliotoka inglishi midiamu wanameza meza nzima, hao nawapa sharti, wanaruhusiwa kuuliza tu, kujibu hapana. Mmoja alinilalamikia kwamba namwonea. Nikamwambia kuuliza swali zuri kwa kiingereza ndo kazi ngumu, akanitazama kama simwambii kweli.

Kifungu cha begi ukikitaka sema hapa hapa nitakichapa jioni nikitoka kusahihisha. Ila ukikitumia usimpe aya D yule kipanga wako, atamaliza kesi kabla wenzie hawajakaa.