Pikipiki ya kukaa mwaka bila kutumika: usiiwashe kila Jumapili, ilaze vizuri

Mkuu, nimekuelewa hivi: unaenda Qatar kwa mkataba wa mwaka mmoja, Boxer 150 yako inabaki nyumbani Bagamoyo, na mdogo wako ameahidi kuiwasha kila Jumapili dakika tano ili isife. Unauliza kama hiyo inatosha. Haitoshi, na mimi naona heri asiiguse kabisa kuliko kufanya hivyo. Mimi ni baharia. Nikiondoka ni miezi sita, safari nyingine tisa, na Honda CG125 yangu hubaki Tanga, si mbali na ufukwe, kwenye hewa ya chumvi kama ya kwenu. Nikirudi inawaka. Siri yake ni kazi ya mchana mmoja kabla sijaondoka, halafu hakuna mtu wa kuiwasha mpaka nirudi.

Nianze na hizo dakika tano, maana ndiyo ushauri unaotolewa kila mahali. Petroli ikiungua inatoa maji. Lita moja ya petroli huzaa maji yanayokaribia lita moja, ila kwa kuwa injini ikiwa ya moto yanatoka kama mvuke, huyaoni. Injini iliyowashwa dakika tano ikiwa imesimama haijapata moto wa kutosha. Ule mvuke unagandia ndani ya bomba la moshi na mwingine unapenya ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Jumapili inayofuata unaongezwa mwingine juu yake. Kuna baharia mwenzangu, ndugu zake walimwashia pikipiki hivyo kwa uaminifu kabisa msimu wote aliokuwa safarini. Aliporudi, sailensa ilikuwa imetoboka kwa chini kwa kutu, na oili aliyoimwaga ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Betri nayo ilikuwa imekufa, kwa sababu stata inakula umeme mwingi kwa sekunde chache, na injini inayounguruma taratibu bila kutembea hairudishi kile kilicholiwa.

Kwa hiyo una njia mbili tu. Kama mdogo wako ana leseni na bima ya pikipiki iko hai, basi aiendeshe kweli: kila baada ya wiki mbili hivi, nusu saa au zaidi barabarani, aende mpaka Kiromo na kurudi, injini ipate moto mpaka kwenye sailensa. Hiyo ni njia nzuri kuliko zote. Kama hana leseni, au wewe hutaki itembee, ilaze. Usichanganye njia hizi mbili.

Sasa kulaza. Kinachozuia pikipiki kuwaka baada ya muda mrefu mara nyingi ni petroli, si injini. Petroli ikikaa inapoteza zile sehemu nyepesi zinazoshika moto haraka, kisha inayobaki inashikana na hewa na kugeuka utomvu. Kwenye tangi lililojaa mabadiliko haya huenda taratibu. Kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, huenda haraka, kwa sababu kile kibakuli cha chini kinabeba petroli kidogo sana na kiko wazi kwa hewa. Petroli hupita kwenye jeti, vipande vyenye tundu. Tundu la jeti ndogo, ile ya sailensi, yaani injini ikiunguruma taratibu, ni jembamba chini ya nusu milimita, hivyo utomvu kiduchu tu unaliziba. Ndiyo maana pikipiki iliyokaa mara nyingi inakubali kuwaka kwa choki halafu inazima ukirudisha choki: jeti kubwa inapitisha, ndogo imeziba.

Dawa yake ni hii. Funga koki ya mafuta, washa injini, iache iunguze mafuta yaliyobaki mpaka izime yenyewe. Usiishie hapo, maana chini ya jeti bado kuna petroli ambayo injini haiwezi kuinyonya. Chini ya kibakuli cha kabureta kuna skrubu ndogo ya kumwagia, ilegeze kwa bisibisi, kinga chupa, acha tone la mwisho litoke, kisha kaza. Fanya kazi hii nje, injini ikiwa imepoa, na asiwepo mtu anayevuta sigara karibu.

Kuhusu tangi watu wanabishana sana, lijae au liwe tupu. Tangi la chuma lililojazwa nusu ndilo baya kuliko yote: usiku ukipoa, unyevu wa hewa iliyomo unaganda kwenye kuta za ndani, maji yanashuka chini kwa sababu ni mazito kuliko petroli, na kutu inaanzia hapo. Ukiwa na banda au stoo iliyojitenga na nyumba, jaza petroli mpya karibu na shingo ya tangi, acha nafasi kidogo ya kutanuka wakati wa joto, funga koki. Lakini kama pikipiki italala ndani ya nyumba wanamolala watu, au karibu na jiko la mkaa au la gesi, basi mwaga petroli yote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka ukutane na moto. Hapa sina mjadala na mtu. Ukishaliacha tupu, litoe, tia oili safi kidogo ndani, lizungushe kila upande mpaka kuta zilowe, kisha lirudishe na ufunike. Utakaporudi utalisuuza kwa petroli kidogo.

Betri. Hii ndiyo inayouawa bila sababu kuliko kifaa kingine chochote. Betri ya risasi na asidi inajimaliza yenyewe hata ikiwa haijaunganishwa na kitu, na joto linaharakisha. Joto la pwani yetu si rafiki yake. Ikishuka na kukaa hivyo, kwenye pleti zake inaota chumvi ngumu ya risasi, na ikishakuwa ngumu chaji haiitoi tena. Kwa hiyo itoe kwenye pikipiki, ukianza na waya wa hasi, kisha wa chanya. Ichaji ijae, iweke mahali pa kivuli na pakavu, watoto wasifike. Kazi ya mdogo wako iwe hii badala ya ile ya Jumapili: kila mwezi aipeleke ikachajiwe. Akiwa na testa, betri iliyojaa na kutulia saa kadhaa husoma volti 12.6 hadi 12.8. Ikishuka hadi 12.4 ichajiwe bila kungoja mwisho wa mwezi. Ikifika 12.0 na kuachwa hapo wiki nyingi, andaa hela ya betri mpya.

Angalizo moja kubwa kwa mafundi wetu wa chaji mitaani. Mashine nyingi zimewekwa kwa betri za magari. Betri ya pikipiki ni ndogo, na kanuni yake ni kuchaji kwa moja ya kumi ya ukubwa wake: betri ya Ah 5 (ampea-saa, ndicho kipimo cha ukubwa wake) inataka nusu ampea, kwa saa nyingi, polepole. Ukiipa ampea kumi inachemka na pleti zinajikunja. Mwambie mdogo wako amweleze fundi hivyo hivyo, na asiache betri pale mpaka ahakikishe fundi amekubali. Kama betri yako ni ya kujaza maji, ongeza maji ya betri tu, yale yasiyo na madini, mpaka kwenye alama. Maji ya bomba hapana. Asidi pia hapana, kwa sababu kinachopungua kwa kawaida ni maji.

Injini yenyewe haina makuu. Badilisha oili kabla ya kuondoka, usisubiri kurudi. Oili iliyotumika imeshabeba uchafu wenye asidi kutokana na moshi, na hutaki ukae mwaka mzima ukigusa beringi. Baada ya kumwaga na kutia mpya, zunguka nayo mtaani ili ienee kila mahali. Hilo ulifanye kabla ya kumaliza mafuta ya kabureta, bila shaka. Kisha toa plagi, tia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu lake, funika tundu kwa kitambaa, piga kiki taratibu mara chache ili ukuta wa silinda upakwe, rudisha plagi. Mwisho sukuma kiki kwa mkono polepole mpaka uhisi inagoma, yaani pistoni inabana hewa, uiache hapo. Katika hali hiyo valvu zote mbili zimefungwa na hewa yenye chumvi haiingii ndani ya silinda. Kwa sisi wa pwani hili lina maana zaidi kuliko kwa mtu wa Dodoma.

Sailensa ikipoa kabisa, ziba tundu lake kwa mfuko na kamba, ufunge na kitambaa chekundu kinachoning'inia ili mtu asijisahau akapiga kiki. Nyigu wanaojenga kwa udongo wanapenda matundu ya namna hii, na panya wanapenda boksi la chujio la hewa. Angalia pia kifuniko cha tangi. Kina kitundu cha kupitisha hewa, na nyigu wakikiziba, siku ukiiwasha itatembea kidogo halafu itazima, utaihangaikia kabureta bure. Ukifungua kifuniko ukasikia hewa ikivutwa kwa ndani na pikipiki ikakubali kuwaka tena, umepata ugonjwa.

Mengine ni ya haraka. Ioshe chumvi kwa maji matamu, ikauke juani. Mnyororo usafishwe kwa mafuta ya taa, upakwe oili nzito. Isimamishwe kwa stendi kubwa, na kama tairi la mbele linagusa chini liweke juu ya ubao. Jaza upepo. Ifunike kwa shuka kuukuu la pamba. Turubai la nailoni linafungia unyevu ndani, na masika ya Machi hadi Mei utakuta vumbi la kutu kila kwenye nati.

Siku ya kurudi usiwe na haraka hata kama umewamisi watu wako na unataka kutoka nayo jioni hiyo hiyo. Toa ule mfuko na kitambaa cha sailensa. Toa plagi, piga kiki mara kadhaa oili ya ziada itoke, safisha plagi, irudishe. Angalia oili. Petroli ya tangi inuse na uitazame kwenye chupa ya kioo: ikiwa imekuwa nyeusi au ina harufu ya vanishi, mwaga yote. Ikiwa bado safi na harufu kali, ongeza mpya juu yake. Funga betri, safari hii ukianza na waya wa chanya. Fungua koki, subiri kidogo kibakuli kijae, weka choki, piga kiki. Moshi wa bluu utatoka mwanzoni, ni ile oili ya silinda, utaisha. Ukitia gia ikaruka mbele ukiwa umeshika klachi, pleti zimegandana: zima, tia gia ya tatu, shika klachi, isukume mbele na nyuma mpaka ziachiane. Breki zijaribu uani kabla ya barabarani.

Na kama kabureta itakuwa imeziba licha ya yote haya, usimruhusu fundi kuchokonoa jeti kwa sindano. Jeti ni za shaba nyeupe, laini, tundu likipanuka pikipiki itakunywa mafuta maisha yake yote. Uzi mwembamba wa mshipi wa kuvulia samaki unatosha, pamoja na upepo wa kompresa ya mtu wa pancha.

Hizo siku chache kabla ya kuondoka, pima betri jioni, halafu ipime tena asubuhi kabla hujawasha kitu, uandike hapa inasoma ngapi. Kama haishiki hata usiku mmoja, tutakuambia uiuze chakavu na ununue mpya utakaporudi, kuliko kumpa mdogo wako kazi ya kuchaji betri iliyokwisha kufa.