Uwanja wetu umegeuka pori, tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo, Mzee. Mtaani kwetu kuna uwanja waliouchezea baba zetu. Sasa umeota vichaka na mbigili, goli moja limeanguka, na watu wanamwaga kifusi humo. Tuko vijana kama thelathini, tumekubaliana kufanya msaragambo kila Jumamosi, na fundi mmoja ameahidi kutuchomelea magoli bure. Tuanzie wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana kazi hiyo nimeifanya kwa mikono yangu. Tulifyeka, tukazoa taka, tukasawazisha ardhi kwa majembe na matoroli, wiki baada ya wiki. Siku tunapiga mistari ya chokaa akaja mtu na karatasi za kiwanja. Hatukuwa na la kumjibu, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekwenda kuuliza. Vijana wale sikuweza kuwakusanya tena, na mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo kabla ya jembe la kwanza, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha idara ya ardhi ya halmashauri, mwombe kuona mchoro wa mipango miji. Eneo hilo limeandikwa nini? Uwanja wa michezo, eneo la wazi, au kiwanja cha mtu? Likiwa la umma, jambo lenu lipelekwe mkutano wa mtaa, na nakala ya muhtasari wenye mhuri mbaki nayo ninyi.

Yamewakuta hata wakubwa. Klabu ya Charlton Athletic ya London iliuhama uwanja wake, The Valley, mwaka 1985. Mwaka 1989 mashabiki waliingia wenyewe kung'oa magugu na kuyachoma moto. Januari 1990 baraza la Greenwich, yaani halmashauri ya eneo hilo, likakataa mpango wa kuujenga upya. Mashabiki wakaunda chama chao, Valley Party, wakagombea uchaguzi wa baraza Mei mwaka huohuo na kupata karibu kura 15,000. Kibali kikaja mwaka uliofuata, na tarehe 5 Desemba 1992 timu ikarudi nyumbani, ikaifunga Portsmouth 1-0. Magugu waliyamaliza mapema. Kilichowachelewesha zaidi ni kibali na fedha.

Mkishakuwa na karatasi, fyekeni. Kisha jipangeni bega kwa bega kutoka goli hadi goli, kila mtu na ndoo, mkiokota chupa na mawe. Misumari haionekani kwa macho. Sisi tulitoa sumaku kwenye spika mbovu, tukaifunga kamba na kuiburuta polepole. Kila baada ya hatua chache ilikuwa imeota ndevu za misumari, vifuniko vya soda na vipande vya waya. Mtoto anayecheza pekupeku atawashukuru kwa hilo kuliko kwa nyasi.

Mvua ikinyesha, nendeni mkasimame uwanjani. Maji yanapotuama pigeni vigingi, hapo ndipo pa kujaza udongo. Katikati pawe juu kidogo kuliko pembeni, na mfereji uwe nje ya mstari. Msing'ang'anie mita 105 kwa 68: sheria inaruhusu urefu wa 90 hadi 120 na upana wa 45 hadi 90. Goli ndilo halibadiliki, mita 7.32 kwa 2.44, na mwambieni fundi milingoti ishindiliwe zege ardhini. Goli lililosimamishwa tu likimwangukia mtoto linaua.

Nyasi za kununua msizitafute. Ukoka upo kando ya barabara zenu. Kateni vipande vyenye vifundo, pandeni kwa mistari ya futi moja moja masika yanapoanza, na mpira ukachezwe kwingine mpaka ushikane. Hapo mtagombana na wachezaji wenu wenyewe. Wekeni uzio wa miba na zamu ya kulinda, na mbele ya magoli mpande upya kila msimu, maana ndipo panapokufa kwanza.

Halmashauri wakiwajibu, niandikie tena uniambie mchoro umesema nini.