Kozi ya Kiingereza Uingereza ukiwa na miaka 41

Dada nimekusoma, una miaka 41, umejichanga uende miezi 9 Uingereza ukanyooshe Kiingereza na unaogopa kukaa darasani na watoto wa juzi. Hilo wala lisikupe presha, darasani kwetu Leeds, mji wa kaskazini mwa Uingereza, alikuwepo mzee wa Kituruki kanizidi umri mbali na ndo alikuwa muongeaji kuliko wote.

Kilichonishtua ni pale uliposema utapiga vibarua ulipie ada hukohuko. Thubutu! Viza ya kozi ya Kiingereza ya miezi 6 hadi 11 hairuhusu kazi yoyote, hata ya bure, na huongezi muda ukiwa ndani, so hela yote iwe mkononi kabla hujapanda ndege, pamoja na ya kipimo cha TB na ile ada ya afya ya kutumia hospitali zao za serikali, watu wanazisahau sana hizo. Chuo kicheki kama kina ithibati, British Council, lile shirika la Uingereza la elimu na utamaduni, wana orodha. Ajenti akikuahidi kazi kimbia, na kama ulishawahi kunyimwa viza muone mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa.

Ukifika kaa na familia. Mama mwenye nyumba aliniambia chai ni saa kumi na moja na nusu, mi nikajilia wali wangu mapema, nashuka nakuta sahani ya viazi na nyama, kumbe kule kaskazini wakisema chai wanamaanisha mlo wa jioni wenyewe, nikala kwa adabu hadi jasho. Na wakikuuliza uko sawa ni salamu tu, usianze kueleza maumivu ya mgongo wako.