Jibu: Kufunika mbao za jikoni kwa bati

Ndugu, umeuliza kama bati bapa likipigiliwa moja kwa moja kwenye ukuta wa mbao nyuma ya sigiri litazuia moto na unyevu. Bati haliungui, ila linapitisha joto upesi mno. Ubao uliobanwa nyuma yake hukauka, hugeuka mweusi polepole, na unaweza kushika moto huku bati likionekana zima kabisa. Acha nafasi ya hewa ya sentimita 2.5 hivi kati ya bati na ukuta, wazi juu na chini ili joto litoke. Vishikizo vya kulitenga bati na ukuta viwe vipande vya bomba la chuma. Tafadhali usitumie vya mbao.

Kuhusu unyevu: mbao nyingi za sokoni, hata pale Ndeeba, kwenye soko la mbao jijini Kampala, huuzwa zikiwa bado mbichi. Ukizifungia ndani ya bati, maji hayana pa kutokea, zitaoza bila wewe kujua. Zianike kwanza kivulini na vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 20. Rangi ya alumini husaidia kuzuia maji, hasa kwenye ncha za mbao, maana huko ndiko yanakoingia kwa wepesi. Moto haizuii. Misumari chagua yenye zinki.